Baraza la mbao, jua la kaskazi na usiku wa Hidaya

Leo baada ya swala ya alfajiri nilitoka nje na kisu kidogo cha kumenyea viazi, nikapiga magoti kwenye baraza letu la mbao na kuanza kuchoma miisho ya mbao, moja baada ya nyingine. Hii ni kazi yangu ya kila demani, kusi linapolegea na mvua zimeshakwenda zake. Ncha ya kisu ikigoma, mbao ni nzima. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, hapo pameoza. Leo kisu kimezama mahali pamoja tu, kwenye kona iliyo karibu na pipa la maji. Mwaka 2024 kilizama mahali kumi na saba. Nilihesabu nikaandika kwenye daftari, na daftari hilo ndilo lililonifanya nikae niandike haya.

Tunaishi Kilwa Masoko, juu kidogo ya ufukwe wa Jimbizi. Nilifundisha hisabati na sayansi katika shule za msingi kwa miaka 34. Nilipostaafu mwaka 2019 wanangu wawili walichanga wakanijengea baraza nyuma ya nyumba, upande unaotazama bahari: futi 12 kwa futi 18, limeinuliwa kwa nguzo hadi usawa wa goti, mbao za msonobari za Sao Hill, Mufindi, nusu yake ina paa la makuti na nusu iko wazi. Mahotelini wanaliita deki. Kwangu mimi ni baraza. Ndipo ninapochambua mchele, ndipo wajukuu wanapolala mchana, na ndipo mzee wangu, yaani mume wangu, anapokaa na redio yake tangu alipopata kiharusi akawa hawezi tena kwenda mbali. Bahari yake ni ile anayoiona kutoka kwenye kile kiti. Kwa hiyo ninaposema nataka baraza hili lidumu, sizungumzii mapambo.

Nianze na jua, maana watu wengi huanza na mvua. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hivyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba likienda kusini, na mwishoni mwa Februari likirudi. Mwaka wa kwanza wa baraza niliwafundisha wajukuu jambo hili kwa chaki. Tulisimamisha mpini wa ufagio kwenye sehemu isiyo na paa, na kila Jumamosi adhuhuri tukachora kivuli chake juu ya mbao. Juni kilikuwa kirefu, kimelala kuelekea kusini. Desemba kikawa kifupi, kimegeukia kaskazini. Na tarehe 26 Februari, kama saa sita na nusu mchana, kivuli kilikwisha kabisa chini ya mpini. Mjukuu wangu mkubwa aliuzunguka mara mbili akikitafuta.

Miaka miwili baadaye nikaona somo lile lina upande mwingine. Mbao tulizozichora chaki zilikuwa zimegeuka kijivu kama majivu, wakati zile za chini ya makuti bado zina rangi yake. Ukipitisha kiganja unapata vibanzi. Jua la huku huiunguza ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mbao, na mvua inapokuja inazisomba nyuzi zilizobaki bila mshikaji. Kama ni hilo tu, si msiba. Ni unene wa karatasi chache. Kinachoumiza ni kwamba Januari, kaskazi likivuma, uso wa juu wa mbao unakauka na kusinyaa huku tumbo lake likiwa bado na unyevu. Mbao inapinda, inapasuka, misumari inainua vichwa. Nyufa hizo za Januari ndizo zinazokunywa maji ya Machi. Mtu anaona mbao imeoza wakati wa masika anasema mvua imeiharibu, kumbe uharibifu ulianza kiangazi, siku ambayo hakuna hata wingu.

Chumvi nayo haijifichi. Misumari yetu ya kwanza ilikuwa ya kawaida, na kabla ya mwaka wa pili kila kichwa kilikuwa kimeacha doa jeusi kwenye mbao. Sikujua wakati ule kwamba hata dawa iliyotiwa kwenye mbao za msonobari, ile inayozipa rangi ya kijani, ina shaba ndani yake, na shaba na chuma vikikutana penye unyevu chuma ndicho kinacholiwa. Hewa ya bahari juu, dawa chini, msumari katikati.

Sasa nieleze kosa langu. Nalieleza kwa sababu nimeliona kwenye nyumba nyingine tatu hapa mtaani na kila nikipita linaniuma. Mvua za El Niño zilipoanza kupiga mwishoni mwa 2023, nilinunua turubai kubwa la bluu, nikalitandaza juu ya mbao zote zisizo na paa na kulikandamiza kwa vyungu vya maua. Niliamini nimezikinga. Mzee aliniangalia akasema, “Mwalimu, hizo mbao umezifunika gubigubi. Zitapumulia wapi?” Nikamjibu kwamba mvua za mwaka huu si za mchezo. Turubai likakaa pale kuanzia Novemba mpaka Mei.

Fikiria kilichokuwa kikiendelea chini yake. Mchanga chini ya baraza umelowa. Jua likitoka, joto linapandisha mvuke, mvuke unagonga plastiki, unageuka matone, unarudi kwenye mbao. Siku baada ya siku. Kuvu wanaokula mbao hawahitaji mafuriko; wanataka mbao isikauke, basi, na joto lisilopungua. Mimi niliwapa vyote viwili kwa miezi sita. Mbao iliyonyeshewa ikaachwa ikauke kwa upepo inaishi miaka mingi. Iliyofunikwa ikiwa na unyevu inakufa huku juu ukiona pazuri.

Alhamisi ya tarehe 2 Mei 2024 ni redio ya mzee iliyotuambia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikifuatilia kimbunga baharini, mashariki mwa pwani yetu, na jina lake Hidaya. Jina la mtoto wa kike aliyesubiriwa. Mtaani wengi walisema kitapita kama wenzake. Na kweli vingi hupita: mwaka 2019 Kenneth kilituacha kikaipiga Cabo Delgado kule Msumbiji, na mwaka 2021 Jobo kilikuja kikiogopwa kikafifia chenyewe. Lakini mama yangu alikuwa msichana kimbunga cha Aprili 1952 kilipoipiga Lindi, na maisha yake yote hakuwahi kusema “kitapita” kuhusu upepo wowote. Unguja nao wana cha kwao, cha Aprili 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa na kuiachia Pemba yake. Vimbunga kwetu ni vichache. Havijawahi kuwa sifuri.

Mimi pia nilikuwa na hesabu kichwani ambayo niliifundisha kila mwaka kwa darasa la saba. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma haizidi mara mbili. Inazidi mara nne. Kasi ikizidi mara tatu, nguvu ni mara tisa. Kila mtu wa Kilwa anajua kusi la Julai linavyoinamisha minazi na kuzichapa kanga kwenye kamba. Chukua kusi hilohilo ulipe kasi mara mbili, halafu ujiulize paa lako limefungwa kwa nini.

Alasiri ile nikaita wajukuu tulitoe turubai. Turubai juu ya baraza ni tanga bila nahodha: upepo ukipata ukingo mmoja unaling'oa pamoja na kila kilicholishikilia. Tukaondoa vyungu, tukavuta. Harufu ikatangulia. Mbao zilikuwa nyeusi, zinateleza, na kwenye miisho kulikuwa na uyoga mdogo mweupe umejipanga kama shanga. Nikaenda kuchukua kisu jikoni. Mahali kumi na saba. Nilikaa chini pale pale kwenye mbao zilizolowa, na mzee aliyekuwa anatazama kutoka mlangoni hakusema neno lolote, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

Ijumaa asubuhi kaka yangu mkubwa alikuja. Ni fundi wa majahazi, amestaafu kwa maana ya kwamba sasa anachagua kazi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku macho yameshakwenda kwenye baraza. Nilitegemea atatazama makuti. Hakuyatazama. Alitazama maungio: nguzo inapokutana na mwamba, ile boriti inayolala juu ya nguzo, na mwamba unapokutana na pau zinazobeba makuti. “Makuti yakiondoka tutashona mengine,” alisema. “Nguzo ikiondoka itaingia dirishani kwa shemeji.” Akaeleza jambo ambalo nilikuwa nalijua kwenye vitabu lakini sikuwahi kulitazama nyumbani kwangu. Upepo mkali haulisukumi paa chini. Ule unaopita juu unalivuta, na ule unaoingia chini ya ukingo unaliinua. Baraza lililo wazi pande tatu ni mdomo uliofumbuliwa. Kwa hiyo msumari uliopigwa wima kutoka juu, ambao unabeba vizuri uzito wa paa siku zote, siku hiyo unavutwa kwa njia ileile ulioingilia, na hauna ukaidi wowote.

Alikuja na kamba za makumbi, alizozisuka mwenyewe, nene kama kidole gumba. Akazizungusha kutoka pau hadi mwamba, mwamba hadi nguzo, na nguzo hadi kwenye vigingi vya chuma tulivyovipigilia ardhini kwa kulaza, vikiinamia upande wa nje. Akakaza kila fundo kwa kijiti. Sisi tukaingiza ndani viti, meza, ndoo, ngazi, mbuzi ya kukunia nazi, kila kitu chenye uwezo wa kuruka au kubingirika. Nikamtuma kijana wa jirani akate matawi makavu ya mwarobaini, maana mti ule hauna subira na upepo. Minazi miwili tuliangua nazi zote, hata madafu.

Usiku ule wa kuamkia Jumamosi upepo ulianzia kusini. Mvua haikuwa inanyesha, ilikuwa inatupwa. Baadaye, sijui saa ngapi maana umeme ulikuwa umekatika, upepo ukageuka ukaanza kutoka baharini moja kwa moja, yaani mdomoni mwa baraza. Nilisikia makuti yakichanika, sauti kama mtu anayechana shuka refu bila kumaliza. Kisha mlio mmoja mkavu. Mzee akanishika mkono gizani. Kulikuwa na bati la mtu linaburuzika barabarani, linasimama, linaburuzika tena. Kulipopambazuka tulikaa ndani bado, kwa sababu nilishamsikia kaka akisema upepo unaotulia ghafla si upepo uliokwisha.

Tulipotoka, kilele cha paa kilikuwa kimekwenda, pamoja na safu zote za makuti za upande wa bahari. Nguzo moja ya kona, ya kusini mashariki, ilikuwa imekatika. Haikukatika katikati. Ilikatika pale inapoingia kwenye zege. Fundi aliyetujengea alikuwa amezisimika nguzo ndani ya zege usawa wa ardhi, kama wanavyofanya wengi kwa kuamini zege linazilinda, kumbe zege linakuwa kikombe: maji yanashuka kwenye nguzo, yanatuama kuuzunguka mguu, hayana pa kwenda. Ndani ilikuwa unga. Lakini ile nguzo haikuingia dirishani kwa mzee. Ilining'inia kwenye kamba za kaka, imelala kwa upole kama mtoto kwenye mbeleko.

Majirani wengine walipoteza paa za nyumba zenyewe, na mashamba, na mali iliyokuwa ufukweni, kwa hiyo sikuthubutu kulia kwa ajili ya baraza. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Mbao nilizotaka kuagiza zisingefika. Sasa naona ucheleweshaji ule ulikuwa na heri, maana kama zingefika wiki ileile ningerudishia kila kitu kama kilivyokuwa.

Badala yake kaka alikaa nami siku nne tukalivua baraza ubao kwa ubao, na kila ubao aliusoma. Mbao inaoza mwishoni kabla ya katikati, aliniambia, kwa sababu nyuzi zake ni mirija, na pale ulipokata umeiacha midomo ya mirija wazi. Ndiyo maana mafundi wa majahazi hawaachi mkato wa mbao bila kuupaka. Sisi tuliacha yote. Akanionyesha pia mbao zilizobanwa bila nafasi kati yake: majani ya mkungu yamejaa humo, yamegeuka samadi, yanashika maji kama sifongo. Zile chache zilizokuwa zimeachana zilikuwa nzima mpaka kingoni.

Baraza jipya lilianza kwa miguu. Sasa kila nguzo imesimama juu ya kiguzo cha zege kinachopanda inchi sita juu ya ardhi, kichwa chake kimeteremshwa pembeni ili maji yasitulie. Kati ya zege na nguzo kuna bamba la chuma lililokunjwa, limezamishwa kwenye zege na kufungwa kwenye nguzo kwa bolti mbili, na mguu wa nguzo haugusi zege. Unapitisha kidole chini yake. Bamba hilo linazuia nguzo isiloe na linazuia isinyanyuke. Ukiweza kufanya jambo moja tu kwenye baraza lako, fanya hili.

Kuhusu mbao, upande wenye paa tulirudishia msonobari uliotiwa dawa. Upande ulio wazi tuliweka mkongo, mzito, mwekundu, mgumu kwa mchwa, na uliniuma mfukoni. Wilaya yetu ina vijiji vinavyomiliki na kusimamia misitu yao wenyewe, na mwaka 2009 baadhi yake vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu. Kwa hiyo hapa Kilwa mtu hana sababu ya kununua mbao za gizani. Niliomba risiti, nikatazama alama ya nyundo, ile inayogongwa na watu wa misitu kwenye mbao halali, kwenye kila ubao kabla ya kulipa. Mbao kavu tuliziachanisha kwa unene wa msumari wa inchi nne. Kila mkato, hata wa kichwa cha kiungo kisichoonekana, ulipakwa mafuta siku ileile ulipokatwa. Badala ya misumari tukatumia skrubu zilizochovywa zinki nzito, na zile za karibu zaidi na bahari ni za chuma kisichoshika kutu. Nilinunua kidogo kidogo, kila pensheni ilipoingia.

Hapa nisimame kidogo kwa jambo lenye hatari. Vipande vilivyobaki vya msonobari wa kijani, watu huvikusanya wakapikie. Nimewakuta watoto wa jirani wanavibeba kichwani kwa furaha. Dawa ile ya kijani kwa kawaida ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Ukivichoma, sumu inatoka kwenye moshi na inabaki kwenye majivu, na majivu hayo tunasugulia masufuria au tunamwagia mchicha. Tafadhali, visiguse jiko. Mimi nilivizika shimoni mbali na kisima, na nikaenda mwenyewe kwa mama wa wale watoto nikamweleza taratibu. Alinielewa.

Oili chafu ya gari pia niseme. Kila fundi atakushauri, kwa sababu ni rahisi kupatikana na kweli mchwa haipendi. Kwa nguzo ya ua huko porini sina neno. Kwenye baraza ambalo mtoto mchanga anatambaa, hapana. Inashika kwenye ngozi, inashuka kwenye mchanga na maji, na weusi wake unaipa mbao joto ambalo unyayo hauwezi kulivumilia adhuhuri. Vanishi nayo sikuipenda: inang'aa miezi michache, jua linaipasua, maji yanaingia chini yake na hayatoki, na tunarudi kwenye habari ya turubai. Kaka kwake ni sifa, mafuta ya ini la papa, kama walivyopaka majahazi baba zetu, na siwezi kubishana na mbao za majahazi. Ila harufu yake mzee aliikataa. Tukakubaliana mafuta ya kitani, yale ya kopo, mkono wa kwanza yakichanganywa na tapentaini yapenye. Yapakwe membamba, yanayobaki juu yafutwe kwa kitambaa. Vitambaa hivyo usivirundike: mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto lake yenyewe, na rundo la matambara kwenye kona lenye joto linaweza kushika moto bila kiberiti. Mimi huviloweka kwenye ndoo ya maji, kisha navianika kimoja kimoja.

Napaka mwezi wa tisa, mbao zikiwa zimekauka kwa wiki nyingi za kusi. Kujua kama zinahitaji ni rahisi. Nadondosha maji. Yakisimama kama umande kwenye jani la muhogo, naliacha. Yakinywewa, napaka.

Kivuli kimebadilika pia. Makuti yamerudi, kwa mwinamo mkali zaidi, kwa sababu makuti yaliyolala hayatiririshi maji, yanayahifadhi. Juu ya sehemu iliyo wazi nimeweka neti ya kivuli, ile ya kwenye vitalu vya miche, imefungwa kwa mafundo ya kufungua kwa mvuto mmoja. Inapunguza jua na inapitisha upepo na mvua, na mbao zinakauka. Redio ikitaja angalizo, naikunja. Ikifika tahadhari, wajukuu wanajua kila mmoja anabeba nini, na kamba za makumbi zimening'inia kwenye msumari wake stoo, haziazimwi. Pembeni kusini nimepanda mivinje sita. Imefika kifuani. Sitaiona ikiwa ukuta, lakini mjukuu aliyekitafuta kivuli ndiye anayeimwagilia, na ameshaniuliza kama tunaweza kuipima kwa chaki.

Ile kona iliyooza leo nimeifuatilia. Pipa la maji lina ufa, linadondoka tone kwa tone kwenye mwisho wa ubao mmoja tangu sijui lini. Nimelisogeza pipa, nimekata inchi nane za ubao mpaka nikakuta nyekundu safi, nimeupaka mkato mafuta mara mbili. Kesho kaka ataleta kipande cha kuziba. Mzee ameniuliza kutoka kwenye kiti chake, “Mwalimu, ngapi mwaka huu?” Nimemwambia moja. Ametikisa kichwa, akaongeza sauti ya redio, maana taarifa ya hali ya hewa ilikuwa inaanza.